Gari ya Muzdalifa Inavuta Kulia

Sehemu ya saba

Mlango wa ile Noah nyeupe ulifunguka, na aliyeshuka alikuwa Muzdalifa.

Wiki nzima mmekuwa mkikisia mwenye gari ni nani. Haya, ndiye huyo: mtalaka wa Wakil, mama wa binti yake Nada, mwanamke ambaye hakumtazama usoni tangu siku Wakil alipompa karatasi ya talaka miaka mitatu nyuma.

Na leo Wakil, mkaguzi wa magari, kasimama mbele yake na karatasi nyingine mkononi.

"Assalaam alaykum," alisema Wakil.

"Waalaykumu salaam. Imepita?"

"Haikupita."

Muzdalifa alivua miwani ya jua. "Kwa nini?"

"Breki za mbele hazilingani. Gurudumu la kulia linashika sawasawa, la kushoto karibu halishiki kabisa. Ukikanyaga kwa nguvu gari itakuvuta kulia. Na kulia, Muzdalifa, ndiko zinakotokea gari za wenzio."

"Breki zimetengenezwa jana."

"Zimetengenezwa na nani?"

Hapo Wakil alikosea. Swali lenyewe lilikuwa la kazi, mkaguzi yeyote angeliuliza. Lakini lilitoka kwa sauti ile ya zamani, na Muzdalifa aliijua sauti ile. Aliishi nayo miaka sita. Nani kakupigia? Nani kakuleta? Nani kakupa hiyo?

"Darwesh," alijibu taratibu. "Fundi Darwesh wa Bububu, aliyeleta posa kwetu mwezi uliopita. Si hilo ulilokuwa unataka kulisikia? Ushalisikia."

Madereva waliokuwa kwenye foleni walizima redio zao.

"Miaka sita ulinikagua mimi, Wakil. Simu yangu, mkoba wangu, saa nnayotoka, saa nnayorudi. Nilipoondoka ukakosa wa kumkagua. Sasa unakagua gari yangu."

Mtu mmoja nyuma kule alicheka. Wakil alihisi masikio yanamwaka moto.

"Tuipime tena," alisema. "Panda wewe mwenyewe, kanyaga wewe mwenyewe. Mimi nasimama kule mbali."

Muzdalifa alipanda. Akaiweka gari juu ya rola za mashine ya kupimia breki, akakanyaga breki kama anayemkanyaga mtu. Namba zikapanda upande wa kulia. Upande wa kushoto zilitikisika kidogo, zikalala.

Zilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza.

"Mashine hii haijui kama uliwahi kuwa mke wangu," alisema Wakil.

Muzdalifa alizitazama zile namba. Kwa sekunde moja, moja tu, uso wake ulilegea. Kisha ukakaza tena.

"Saa nne nnawachukua wasichana sita wa chuo cha Mwalim Mabrouk, nnawapeleka Paje kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Nada yumo. Kadurusu miezi mitano. Ukinizuia leo, wewe ndiye utakayemwambia kwa nini hakwenda."

"Nitamwambia."

Akagonga muhuri: IMEKATALIWA.

Muzdalifa aliichukua karatasi, akaitoa gari hadi nje ya geti. Ndipo Wakil alipokwenda nyuma ya jengo, akanawa uso, akaagiza chai ya rangi na hakuinywa.

Alikuwa anajiuliza swali moja. Je, kama ni kweli alilosema Muzdalifa? Kama jicho lake liliona lilichotaka kuona? Alipolisikia jina la Darwesh kifuani kulimpasuka kitu, na mtu ambaye kifua kimempasuka haaminiki hata na nafsi yake.

Akarudi kwenye mashine. Akaipandisha gari ya mtu mwengine kabisa, teksi ya mzee mmoja wa Jang'ombe. Kulia sawa, kushoto sawa. Akapandisha na pikapu ya samaki. Sawa.

Mashine ilikuwa nzima. Na yeye, kwa mara hii, alikuwa mzima.

Alipumua. Kisha akatazama nje ya geti.

Noah nyeupe haikuwapo.

*

"Imeshatoka," alisema Abdulrazak, karani wa kituo, bila ya kuinua kichwa. "Imepita."

"Nani kaipitisha?"

"Wewe."

Abdulrazak aliigeuza kompyuta. Palikuwa na namba ya gari, tarehe ya leo, na chini yake saini ya Wakil, ile inayohifadhiwa mle ndani ya kompyuta ili wasichelewe kuandika kwa mkono kila mara.

"Sikuipitisha mimi!"

"Lakini fundi Darwesh kaja hapa mwenyewe. Kaingia na gari, kanambia kakaza panapotakiwa kukazwa, na wewe umeipima tena ukaridhika. Kasema ila unaona haya kutoka, kwa yale maneno aliyokwambia bibie mbele ya watu." Abdulrazak aliishusha sauti. "Nikaona ni kweli. Mtu ukiambiwa vile lazima uone haya. Nikasema wacha nimsitiri ndugu yangu."

"Ukanisitiri."

"Nimekosea?"

Wakil alikuwa keshaitoa simu, anapiga namba ya Muzdalifa ambayo hakuwahi kuifuta. Simu haikuita hata mara moja. Akapiga tena. Na tena. Ikamjia kichwani: namba yake imefungiwa. Tangu mwaka ule aliokuwa akimpigia mara ishirini kwa siku, kafungiwa.

Akampigia mama yake Muzdalifa, Bi Mwanamwema, nyumbani kwake Jang'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Wakil."

"Unataka nini?"

"Muzdalifa yuko wapi?"

"Haya! Ndiyo yale yale. Yuko wapi, katoka saa ngapi, kafuatana na nani. Hujapona tu, mwanangu?"

"Mama, nisikilize. Gari ile haina breki upande mmoja."

"Haina vipi na wewe ndiye uliyeipitisha? Kaja hapa kumchukua Nada anacheka. Kanambia, 'Mama, Wakil leo kafanya uungwana, kaipima tena.'" Sauti ya Bi Mwanamwema ililainika kidogo. "Tangu mwachane sijamsikia kukutaja kwa wema. Leo kakutaja."

Wakil alifumba macho. Miaka mitatu alilisubiri neno lile. Limekuja, na ni la uongo, na linaweza kumuua mtoto wake.

"Washaondoka?"

"Zamani. Na simu kaizima, watoto wanadurusu njiani. Wakil? Wakil, mbona unanitia hofu?"

*

Pikipiki ya Wakil ilikuwa ya kwendea kazini na kurudi, si ya kufukuzia gari. Siku hiyo ilifukuza. Alipita Mwanakwerekwe katikati ya mikokoteni ya machungwa, watu wakimtukania mama yake. Fuoni mvua ilianza kudondoka. Tunguu ilikuwa inamwagika.

Pale palikuwa na askari wa barabarani aliyemjua kidogo. Wakil alisimama bila ya kuizima pikipiki.

"Noah nyeupe! Ina wasichana wa chuo!"

"Imepita dakika kumi sasa," alisema askari chini ya mwavuli. "Niliisimamisha. Karatasi zao safi kabisa, ya ukaguzi ni ya leo leo. Nikawaruhusu."

Wakil alizungusha mkono wa mafuta hadi mwisho.

Na mbele huko, msomaji, ndani ya Noah, mambo yalikuwaje?

Yalikuwa mazuri. Hilo ndilo linaloumiza. Wasichana sita wenye mitandio ya kijani walikuwa wakisoma kwa zamu, kila mmoja aya zake, na anayekosea wenzake wanamzomea kwa kicheko. Nada, mwenye miaka minane, alikaa kiti cha kati, macho kayafumba, midomo inacheza. Muzdalifa alimtazama kwenye kioo na kuona kuwa maisha, baada ya yote, yanaanza kukaa vizuri. Ana gari yake mwenyewe. Ana kazi ya kupeleka wageni kutoka Mji Mkongwe hadi Paje siku tano za wiki. Ana mchumba. Na hata Wakil leo kaonyesha kwamba anaweza kubadilika.

"Mama," alisema Nada, "gari inakwenda upande."

"Barabara inateleza, mwanangu. Soma."

Lakini na yeye alihisi. Kila alipogusa breki usukani ulimvuta mkono, kama mtoto anayemvuta mama yake kuelekea dukani. Akapunguza mwendo. Darwesh kakaza. Wakil kapima. Watu wawili ambao hawapendani wamesema kitu kimoja. Angekosaje kuamini?

Wakaingia Jozani. Miti imefunga juu, barabara imekuwa nyeusi, vioo vinafuka. Mbele linakuja lori la mawe, taa zimewashwa.

Kima akaruka barabarani, na mtoto wake kamng'ang'ania tumboni.

Muzdalifa alikanyaga breki.

Gurudumu la kulia lilishika. La kushoto liliendelea na safari. Noah iligeuka ghafla kama iliyopigwa kofi, ikakata barabara mbele ya lori, na honi ya lori ikajaa kila pahala, dirishani, mdomoni, kichwani. Muzdalifa aliachia breki. Hakujua kwa nini aliiachia, mguu wenyewe ulijua. Lori lilipita nyuma yao, upepo wake ukawatikisa. Noah ikaingia kichakani upande wa kulia, ikavunja matawi, ikakita pua kwenye gogo, ikanyamaza.

Mle ndani msichana mmoja aliendelea kusoma aya yake kwa sauti nyembamba hadi mwisho, kwa sababu hakuna aliyemwambia anyamaze.

*

Wakil aliona kwanza matawi yaliyovunjika. Dereva wa lori alikuwa kalisimamisha nyuma kule, anakuja mbio, mikono kichwani.

Pikipiki aliitupa tu. Hakumbuki aliitupia wapi.

Akahesabu mitandio ya kijani. Mmoja, miwili, mitatu. Akapotea, akaanza tena. Sita. Akahesabu mara ya tatu. Sita. Ndipo alipoushika mlango.

"Baba," alisema Nada. Alikuwa na mchubuko kwenye goti na macho makubwa. "Tutachelewa."

Wakil alimkumbatia, akashindwa kumwachia. Kisha alisikia harufu ya petroli.

"Tokeni! Wote, tokeni, acheni vitu!"

Yeye na yule dereva wa lori waliwavusha wasichana mmoja mmoja hadi upande wa pili wa barabara, mbali na gari, wakawakalisha juu ya majani, chini ya turubai iliyotolewa kwenye lori. Dereva akarudi kuliondoa lori lake lisizibe njia. Mvua ilikuwa inapungua.

Muzdalifa alikuwa bado yumo garini. Mikono yake miwili ipo kwenye usukani.

"Shuka," alisema Wakil.

"Wote wazima?"

"Wote wazima. Shuka, Muzdalifa."

Alishuka. Wakasogea hadi kandoni mwa lami. Akaingiza mkono ndani ya mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri, akampa. Hakumtupia. Alimpa.

"Saini yako hii."

"Ni saini yangu. Si mimi niliyeitia."

"Wewe hukuipima mara ya tatu?"

"Nilikuwa nyuma ya jengo, nnanawa uso."

Muzdalifa alitikisa kichwa polepole, kama anayekataa si maneno yale bali kitu kinachokuja nyuma yake. "Nilisubiri nje ya geti. Nilimwita Darwesh, kaja, kaichukua gari, kaingia nayo, katoka na karatasi hii. Kanambia, 'Mtalaka wako katubu.' Kwa nini hukunipigia?"

"Nimepiga mara kumi na moja."

Alifungua simu, akaitazama, halafu akakumbuka. "Nilikufungia."

"Najua. Ulikuwa na haki."

Neno hilo, msomaji, Wakil hakuwahi kulisema wala kwa kadhi, wala kwa wazee, wala kwa Muzdalifa mwenyewe. Lilitoka pale, na yeye karowa chapachapa, na halikumuuma kama alivyodhani litamuuma.

Muzdalifa alimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu.

"Darwesh alijua?" aliuliza.

Wakil aliikunja ile karatasi.

"Sema."

"Nikisema utaona ni wivu."

"Nakwambia sema, Wakil."

"Sisemi. Mimi nshasema vya kutosha juu ya watu waliokuwa karibu na wewe, na vingi nilivisema uongo. Mpigie mwenyewe. Msikilize mwenyewe."

Muzdalifa alipiga, akaweka sauti ya nje. Simu iliita mara mbili tu.

"Habibty! Mmeshafika?"

"Tumefika."

"Alhamdulillah. Si nilikwambia? Yule bwana ni roho yake mbaya tu. Sasa, ukirudi jioni usipite popote, ilete gari moja kwa moja kwangu nikutilie zile pedi za breki za kushoto."

Vidole vya Muzdalifa vilikaza kwenye simu hadi vikawa vyeupe. Sauti yake haikubadilika hata kidogo, na Wakil, aliyemjua, aliogopa zaidi kwa hilo.

"Pedi gani za kushoto, Darwesh? Jana ulinambia umetia pande zote."

Darwesh alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba asilaumiwe. "Pedi jana zilikuwa adimu, nilipata seti moja tu. Na gari zilikuwa mbili, zote safari leo, na wote wawili mnanililia. Ningefanyaje? Nikaigawa. Wewe nikakutilia kulia, mwenzio nikamtilia kushoto. Nikasema kwa siku moja itavumilia. Si imevumilia?"

"Nada alikuwa ndani," alisema Muzdalifa.

"Naam?"

"Nimesema mtoto wangu alikuwa ndani. Tupo Jozani, Darwesh. Hatukufika. Gari imo kichakani."

Upande wa pili kulisikika chombo cha chuma kikianguka sakafuni.

"Muzdalifa, wallahi, mimi sikukusudia..."

"Posa yako kesho mama atairejesha."

Aliinua kidole kukata simu. Wakil alimshika mkono.

"Muulize mwenzio nani."

"Nini?"

"Kasema gari mbili! Kamtilia mwenzio kushoto. Muulize nani!"

"Darwesh," alisema Muzdalifa, "gari ya pili ya nani?"

"Ya... ya Sabri."

"Sabri yupi?"

"Si huyo mwenzenu anayewaleta wavulana wa chuo? Kaja kuichukua asubuhi, kasema atakuwa nyuma yenu. Muzdalifa, mpigie, mwambie aende polepole, mwambie..."

Simu ilianguka kwenye lami.

Fikiri pamoja na Wakil, msomaji, maana alikuwa na muda mdogo kuliko wewe. Gari ya Muzdalifa ilishika kulia, ikavuta kulia. Gari ya Sabri inashika kushoto. Ikikanyagwa itavuta kushoto. Na anayetoka mjini kwenda Paje, upande wake wa kushoto ni ule walikokalishwa wasichana sita chini ya turubai.

Yeye ndiye aliyewakalisha.

"Waondoe!" alipiga kelele, na alikuwa keshaanza kukimbia. "Ingieni porini! Ndani! Ndani!"

Wasichana hawakumsikia. Walikuwa wamesikia kitu kingine. Nyuma ya kona, chini ya ile miti iliyofunga, zilikuwa zinakuja sauti za wavulana wakiimba kasida, vioo wazi, makofi yanapigwa kwa pamoja.

Nada alisimama, akautoa mtandio wake wa kijani, akaanza kuupunga. "Wamekuja! Watatuchukua! Hatuchelewi tena!"

Noah ya bluu ilitokea konani. Ilikuwa inakimbia. Sabri, nyuma ya usukani, aliiona gari ya Muzdalifa imejikita kichakani, akamwona mwanamume anakimbia barabarani anapunga mikono.

Akafanya ambalo dereva yeyote mwema angelifanya.

Akakanyaga breki.